Sukari Isiyobadili Rangi

Harufu ya mkojo unaochemka ni nzito na ina utamu wa kuchefua. Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na miwili, harufu hiyo ilihamia jikoni kwetu Gongoni na haikutoka. Baba, muuza asali, alikuwa na kisukari, na alikatazwa sukari kwenye chai. Mama alishafariki, hivyo kazi ya kumpima ikawa yangu. Muuguzi wa zahanati alinifundisha: dawa ya buluu kwenye kichupa kirefu cha kioo, matone manane ya mkojo, kisha nikisimamishe kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Ikibaki buluu, heri. Ikigeuka kijani, njano, hadi wekundu wa tofali, shari. Karibu kila asubuhi niliona tofali, nikaenda shule nimeshachoka.

Siku moja, kwa utundu tu, nilitia asali kwenye dawa ile. Nikaichemsha, ikawa nyekundu mara moja. Nikatia sukari ya chai kwenye kichupa kingine. Ikachemka weee, ikabaki buluu.

"Baba, njoo uone! Sukari haigeuki!"

Baba alivitazama vichupa kwa muda mrefu. "Kumbe adui yangu ni asali," akasema. "Basi nirudishie sukari kwenye chai, mwanangu."

Nikamrudishia, vijiko vitatu kila kikombe, kiangazi kizima. Nilifurahi kumwona akinywa; tofali la kila asubuhi nililidhani ni la asali anayoionja kazini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kidonda kilipomtoka mguuni na kukataa kupona, muuguzi alikuja nyumbani akaikuta chai ile.

"Mzee, nani kakwambia sukari haina neno?"

Baba akasogeza kikombe pembeni. Nikajibu mimi, nikamweleza nilichokiona kwenye vichupa. Muuguzi akakaa chini, akanieleza taratibu: asali ina glukosi na fruktosi, sukari mbili zilizo huru, ndiyo maana huivamia dawa upesi. Sukari ya dukani ni hizo hizo mbili zilizoshikana, dawa haizipati. "Lakini tumboni zinaachana, mama. Zinaingia kwenye damu."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Nililia siku nyingi. "Nyamaza," baba aliniambia. "Chai niliitaka mimi." Sikuamini, na hata leo siamini sana.

Sasa ugonjwa huo ninao mimi. Natoboa kidole, na kimashine kinatoa namba kabla sijameza mate. Namba ikiwa kubwa, nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha najichoma sindano. Kwa umri wangu huu baba alitembelea magongo. Mimi bado nakwenda sokoni kwa miguu yangu miwili, polepole.