Mifuko Miwili ya Unga kwenye Buti

Ile Julai naikumbuka, mwanangu, kila ninapopita mahali panapouzwa unga. Wewe ukiniona nanunua unasema mimi tantine wako nimezoea kupika kwa wingi. Haya, kaa hapo, zima kwanza hiyo simu. Kesho unapanda Johannesburg kwenye harusi ya rafiki yako, na unakwenda na hilo gari lako la milango miwili. Redio imesema theluji imeanguka milimani. Sikukatazi. Ningekukataza ungeniitikia kwa adabu, halafu ungeondoka hivyo hivyo. Unadhani mimi sijawahi kuwa na umri wako?

Mama yetu alituzaa wawili tu, kaka yangu Dedé na mimi. Tulipanga hapa hapa Durban, South Beach, sote watatu chumba kimoja. Dedé alikuwa fundi simu mjini, mcheshi, mtu wa kupenda kupendeza. Alijinyima mpaka akanunua gari la spoti, mtumba wa Japani ulioshushwa bandarini, rangi ya njano, limelala chini karibu liguse lami. Tusidanganyane, na mimi nilijivuna. Jumapili tulipanda nalo Morningside kwa matajiri, hatuna tunachokwenda kufanya, vioo tumeshusha, tunazunguka tu tuonekane.

Basi Baba Mukubwa, kaka ya marehemu baba yetu, akafariki kule Johannesburg. Mama alikuwa ametangulia kumuuguza. Alipopiga simu hakulia sana, alituagiza unga. Unajua matanga ya kwetu: watu wanalala pale, wanakula pale, na mtoto wa ukoo hafiki mikono mitupu. Nikanunua mifuko miwili mikubwa ya unga wa fufu, tukaikokota mimi na mlinzi wa jengo mpaka kwenye gari.

Dedé akaitazama ile mifuko, akacheka. "Weee! Hii gari iko ya spoti, haiko bakkie ya kubeba mizigo. Ukiweka hiyo mizigo nyuma italala chini, na watu wote wa kwetu watakuwa pale nje wanaangalia."

Nikamwambia, "Mutu amekufa, wewe unawaza watu wataangalia nini?"

"Ndiyo maana nataka nifike vizuri. Baba Mukubwa alinipenda." Akasema kweli, mwanangu. Alitaka kumheshimu marehemu kwa kile kizuri alichokuwa nacho. Hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama tukampigia tena, akafoka kwenye simu mpaka mlinzi akasikia: unga uwekwe kwenye gari, na dada yako akae pembeni yako. Dedé akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Alipokata simu akanipa nauli ya teksi, zile basi ndogo za abiria. Unga uende na teksi, na mimi niende nao usije ukaibiwa. Kiti cha pembeni akatandika suti yake nyeusi isikunjike. Nilinuna! Asubuhi ile nilibanwa kwenye kiti cha nyuma, miguu juu ya mfuko, nauma meno.

Durban haina baridi ya kumfundisha mtu. Julai yetu hii watu wanaogelea hapo chini. Dedé hakuwahi kuiona theluji ila kwenye simu za wateja. Tulipokuwa tumeipita Mooi River nikasikia honi. Njano ile! Akatupita, akashusha kioo, akanipungia mkono kwa madaha, kofia ya sufu kichwani. Teksi nzima ikashangilia. Nilikuwa bado nimenuna, lakini nikacheka. Namshukuru Mungu nilicheka.

Mlimani Van Reenen theluji ilikuwa pembeni mwa barabara, na lami inang'aa. Magari yakasimama. Dereva wetu akasema, "Eish, ajali." Tukasogea polepole, na mimi nikaona rangi kabla sijaona gari. Lilikuwa ubavuni mwa lori, limegeuka kabisa, taa zake zinatazama Durban.

Nilishuka. Hawakuniruhusu kufika karibu, na hata wangeniruhusu, alishakwenda. Askari wa barabarani, mtu mzima, Mzulu, akanivalisha koti lake. Baadaye akaniuliza, taratibu tu, kaka yako alibeba nini kwenye buti? Nikamwambia hakuna kitu. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba magari ya aina ile yanasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma kukiwa kwepesi, ukikanyaga mafuta kidogo tu juu ya barafu, mkia unakuja mbele. Nikageuka kuitazama teksi. Mifuko yangu miwili ilikuwa bado mle ndani.

Dereva aliifikisha Johannesburg, Mungu ambariki. Waliokuja kumlilia Baba Mukubwa wakamlilia na Dedé. Unga ule ule ndio uliopikwa, wanawake wakasonga, watu wakala. Mama alipelekewa sahani akaisukuma. Hakuugusa unga wa fufu tena mpaka alipokufa yeye. Suti ilirudi haijakunjika hata kidogo, tukamzika nayo.

Je, ule unga ungemwokoa? Sijui. Miaka yote hii nimejiuliza na sijui. Labda angekwenda kasi ileile na kufa na unga wake.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, hilo lako nalo linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ondoka jua limeshapanda, barafu ya alfajiri haionekani. Matairi yako yamekwisha, nimeyaona, kabadilishe leo. Mlimani kanyaga mafuta kidogo kidogo, usikate kona kwa haraka. Mkia ukianza kucheza ondoa mguu kwenye mafuta, usikamate breki kwa woga, elekeza usukani kule unakotaka kwenda. Theluji ikizidi, lala njiani, pale Harrismith. Harusi ikikupita itakupita, utaona picha. Na watu wanaokupenda wanataka wakuone wewe unashuka, hata ukishuka kwenye bakkie ya kubebea kuku.

Funguo zako ulizisahau mezani jana. Nimeshuka na mlinzi, tumekuwekea mifuko miwili ya unga kwenye buti, juu ya magurudumu, tumeifunga kamba isihame. Najua gari limelala nyuma. Najua limeharibika sura. Usiitoe.

Ukifika, wape wenye harusi huo unga wausonge. Mungu akupitishe mlimani, akuwekee mikono juu ya usukani huo, na unga huu, mwanangu, uule wewe mwenyewe, umekaa mezani na wenzako, unacheka.