Pengo Aliloomba Aachiwe

Asubuhi ile Tereza alikuwa kwenye majaruba yake huko Bahi, akifukuza kwelea-kwelea waliotanda juu ya mpunga kama moshi. Alipopaza sauti, meno yake bandia ya chini yakachomoka mdomoni, yakatumbukia majini. Alipapasa tope mpaka vidole vikafa ganzi. Aligusa kambale tu, laini kama ndimi, wakimpita vifundoni. Mwishowe alisimama, maji yakatulia, akamwona humo bibi wa miaka sabini na ushei, mdomo umekunjamana kama mfuko uliokazwa kamba.

Tangu hapo akawa anaota. Aliyaona meno yake kule chini, yakicheka bila mtu. Hakuogopa. Alihisi tu kama sehemu yake imetangulia mahali. Akaacha kwaya, maana maneno yalimtoka yakiwa upepo mtupu, na nyumbani akawa mtu wa uji.

Binti yake Hilda, mwalimu wa Ihumwa, alipokuja alimkuta amekonda. Akamweleza kwamba mjini Dodoma yupo daktari anayepandikiza meno: vyuma viwili vidogo huzamishwa kwenye mfupa wa taya, na meno hushikizwa juu yake, hayatoki hata mtu apige kelele namna gani. Tereza alimsikiliza, kisha akasema nyumba inayoanguka haipigiliwi misumari mipya. Hilda hakubishana. Alikuja tena, na tena, hadi mama yake akakubali kwenda kuangalia tu.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kondoa aitwaye Munira. Alimpa shikamoo, akampima presha na sukari, akampiga picha ya taya na kumwonyesha kwenye kompyuta. Tereza aliutazama mfupa wake kwa muda mrefu. Ulikuwa mweupe, umepinda, una ukungu ukungu, kama nchi aliyowahi kuipita utotoni akiwa amebebwa mgongoni.

"Nikifa," aliuliza, "hicho chuma kitaoza pamoja nami?"

"Hakiozi, bibi. Kitabaki."

"Peke yake?"

Munira alifikiri kidogo. "Peke yake."

Hilda alidhani jibu hilo litamtisha mama yake. Kumbe lilimtuliza. Njiani kurudi alitazama tambarare likipita dirishani, akawaza kwamba ardhi ile, inayomeza maji na kuyatema kila masika, siku moja itakuwa na kitu chake cha kushika.

Siku ya kupandikizwa alichomwa sindano ya ganzi. Mashine ikanguruma mbali, kama ya kusaga mtama kijiji cha pili, naye akaelea. Kisha ikafuata miezi ya kungoja chuma na mfupa vizoeane.

Alipoitwa kujaribu meno, yalikuwa bado yamepangwa kwenye nta, safu nzima bila nafasi. Tereza alijitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa. Akagusa mawili ya katikati, akaomba yaondolewe. Akaeleza kwamba kwao Wagogo, zamani, mtoto aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini. Yeye aling'olewa na bibi yake wakati wa mavuno, pamoja na binamu zake, wakanyweshwa maziwa baridi. Ni kwa pengo hilo alijifunza kuwapigia ndama mluzi, na ni mluzi huo uliomfanya marehemu mumewe, Abeli, asimame njiani kuuliza ni binti wa nani.

"Mama, watu watadhani daktari amekosea," Hilda alisema kwa upole.

"Waache wadhani. Mkiliziba, nitakuwa nimemkaribisha mgeni akae usoni mwangu."

Munira alichukua kisu kidogo, akayachomoa yale meno mawili kwenye nta, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

Meno yalipokamilika na kushikizwa, Tereza alirudi kwaya. Baadaye kaka yake Matonya, aliyebakiwa na jino moja, akaja kutoka Kibakwe kujionea. Alimwambia afunue mdomo juani, akachungulia kwa makini, akasema kazi ni nzuri. Hilda akamwuliza kama naye apelekwe.

"Mimi niacheni," Matonya alisema. "Nimeshazoea ulaini wa vitu."

Tereza hakumshawishi. Alikaanga karanga, za kaka yake akazitwanga, zake akaziacha nzima, wakala polepole wakitazama mawingu yakielekea Manyoni.