Hodi ya Tatu

Mimi ni mtu wa hasira, na mchezo ule niliuandika kwa hasira. Eda ya marehemu mume wangu ilikwisha kitambo. Majirani walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao, na nyumba yetu ya Malindi ikabaki na mimi, paka, na saa ya ukutani iliyoishiwa betri. Mwanangu yuko Doha. Hupiga simu Ijumaa, tukajuliana hali, kisha huniambia, "Haya mama, niko kazini." Siku nyingine hakuna aliyenijia, na hata hao wachache waliokuja hawakupiga hodi. Siku hizi mtu hufika mlangoni kwako akakuandikia kwenye simu, "Niko nje." Anayeleta mtungi wa gesi hupiga honi. Nami nilizaliwa katika nyumba ambayo hodi haikukoma tangu asubuhi hadi jioni, mama yangu akijibu "karibu" huku anakuna nazi, hata hajui ni nani. Sasa naweza kumaliza juma zima neno hilo halijatoka kinywani mwangu.

Basi nikaandika mchezo mfupi wa watu wawili. Mume aliyekuwa mbali miaka mingi anarudi nyumbani. Mkewe yumo ndani, anasuka ukili wa mkeka. Mume anasimama mlangoni, anapiga hodi. Mke anamsikia, hajibu. Anapiga ya pili. Anapiga ya tatu. Na kwetu hakuna asiyejua: ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, wageuka wenda zako, huna ruhusa ya kuingia. Mume anageuka, anakwenda. Taa zinazimwa, mchezo umekwisha. Nilitaka watu wakae na kile kimya waone kinavyouma. Nilitaka warudi makwao wakiona haya. Hilo tu nililitaka, na nililitaka sana.

Mazoezi tuliyafanyia katika darasa la shule niliyostaafia, watoto wakisha kwenda. Seremala alinitengenezea fremu ya mlango, bila mlango wenyewe, tukaishikiza kwa mawe. Mke aliigizwa na dada mmoja wa Gede mwenye kibanda cha mahamri karibu na steji ya matatu, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Mume alikuwa kijana wa Adu anayehudumu mezani katika hoteli moja huko Watamu. Msimu wa wageni ulipoanza, hoteli ikamnyima ruhusa. Akaniapia kwamba maneno ameyahifadhi na siku za mwisho atakuja. Sikuwa na mwingine. Nikasema basi, mume nitakuwa mimi.

Ikawa kila jioni mimi, mtu mzima na buibui langu, nasimama nje ya fremu ile naita hodi. Mwanzoni yule dada hakuweza kunyamaza. Hodi ya kwanza tu, "Karibu" ishamtoka, kisha ajishika mdomo akicheka.

"Nisamehe, Mwalimu. Latoka lenyewe."

"Lirudishe ndani."

"Kwetu mtu haachwi mlangoni hivi. Hata mliyegombana naye wamwambia karibu, mkagombane ndani."

"Wewe hapa si wewe. Wewe ni mwanamke aliyechoka."

"Aliyechoka si ndiye anayetaka mtu wa kuongea naye?"

Sikulipenda jibu lile, kwa sababu lilikuwa zuri. Nikamwambia akae kitako tuanze upya.

Akajifunza, tena akajifunza kuliko nilivyotarajia. Jioni moja nilipiga hodi ya kwanza, akainamia ukili wake. Nikapiga ya pili, akavuta uzi mmoja wa mwaa wa kusukia, akaupachika. Nikapiga ya tatu. Nikawasikia hata ndege wakitembea juu ya paa. Nikageuka kama mume anavyotakiwa kugeuka, nikatoka, nikapita baraza, nikaenda kusimama karibu na tangi la maji. Nikakaa pale mpaka yeye mwenyewe akaja kunitafuta.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

"Hukukosea. Hivyo hivyo ndivyo nitakavyo."

"Mbona basi watoa machozi?"

"Vumbi la chaki," nikamwambia. Chaki hatukuigusa siku ile.

Nikarudi nyumbani, nikafungua kufuli, nikaingia. Kwa muda ule wa mazoezi nilipiga hodi nyingi kuliko nilizopigiwa tangu eda, na tangu yule dada ajifunze hakuna hata moja iliyojibiwa, na amri ilikuwa yangu mwenyewe. Nilijua ni upuuzi. Ulinichoma vivyo hivyo.

Kijana wa Adu alipokuja hatimaye, nikamwachia nafasi yake nikaenda kuketi kwenye dawati la nyuma. Ilinipasa kufurahi, maana mchezo ulikuwa umepona. Badala yake nilimwonea wivu. Sasa sikuwa na hata mtu wa kuninyamazia.

Onyesho la kwanza lilikuwa Malindi, katika ukumbi wenye mabenchi, kina mama na leso zao wamejaa mbele. Mambo yalikwenda barabara mpaka hodi ya tatu. Kimya kikaingia. Nilikuwa kando ya jukwaa. Ndipo bibi mmoja wa safu ya mbele akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na utoto, "Karibu, baba. Pita."

Mwingine nyuma yake naye akaitikia, "Karibu." Kisha ukumbi mzima.

Kijana akanitazama. Nikamtikisia kichwa: nenda zako. Lakini yule ni mtu wa hoteli, tena ni mtoto wa watu waliomlea; akikaribishwa hawezi kumpa mtu mgongo. Akavua viatu, akaingia. Dada wa Gede akamwangalia, akaweka ukili chini, na kwa maneno ambayo sikumwandikia akamuuliza, "Umekula?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakajifuta machozi kwa ncha za leso. Mimi nilibaki kando ya jukwaa na hasira yangu. Miezi ya kazi, na mtu mmoja ameivunja kwa neno moja.

Bibi yule alinikuta mlangoni wakati wa kutoka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza, "Wewe ndiwe uliyetunga?"

"Ndimi."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nawe wamsimamisha mtu mlangoni mpaka miguu imuume."

"Ule ni mchezo tu, bibi."

"Najua ni mchezo. Niliingia kwa tikiti." Akanishika mkono nimteremshe ngazi. Nikamteremsha, nimenuna.

Dada wa Gede alinisihi tuuache mwisho ule mpya. "Mwalimu, wameupenda. Mkaidi hafaidi ila siku ya Idi, nawe Idi ishapita." Nikakataa. Tulipokwenda Kilifi kwa onyesho la pili, kabla ya kuanza, nilimwagiza mshereheshaji awaambie watu waziwazi: tafadhalini, hodi ikipigwa, asijibu mtu. Na fundi wa taa nikamwambia, kijana akishapita nyuma ya pazia tu, zima, usingoje lolote.

Waliokuja Kilifi wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo, na simu zao mkononi. Watoto watiifu. Nilisimama nyuma kabisa ya ukumbi, peke yangu, nimeegemea ukuta. Hodi ya kwanza ikapigwa, hakuna aliyejibu. Ya pili, msichana mmoja akaishusha simu yake mapajani. Ya tatu. Kimya kilichofuata ndicho nilichokiandika, neno kwa neno, na hakuna aliyekohoa. Wote walikuwa wanaumia kama nilivyotaka waumie. Nilikuwa nimeshinda.

Kijana alingoja kama nilivyomfundisha. Akatazama miguu yake. Akageuka.

Ndipo nikasikia mtu anasema, "Karibu." Ilikuwa sauti ndogo, yenye kukwaruza, ya mtu ambaye hajazungumza na yeyote tangu asubuhi. Vichwa vikageuka vyote kutazama nyuma, na nikaona kwamba vinanitazama mimi.

Kijana alikuwa ameshapita nyuma ya pazia, hakunisikia. Dada wa Gede alinisikia. Aliijua sauti yangu. Aliinua macho kutoka kwenye ukili akaangalia fremu tupu ya mlango, kisha akaangalia huku gizani nilikokuwa, na nikaona mdomo wake unafunguka anataka kunijibu.

Fundi akazima taa, kama nilivyomwagiza.