Mapipa Sita ya Mama Mizani

Dada yangu alipanga safari za mtoni kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuipita kona ya kwanza ya mto. Kona yenyewe ilionekana kutoka mlangoni mwa stoo alimofanyia kazi. Maji yalikimbilia kati ya kuta mbili za mwamba mwekundu, yakapinda kushoto, yakapotea. Kuanzia hapo ni siku sita ndani ya korongo, jangwa juu kila upande, hakuna barabara na simu haishiki. Watalii walipanda boti za mpira, wakarushwarushwa na maji ya kasi, wakatokea upande wa pili wamebabuka pua na kufurahi. Yeye alikuwa stoo, anapanga safari inayofuata.

Kazini walimwita Mama Mizani, kwa sababu hakuna kilichoingia botini bila kupimwa, hata kipande cha sabuni. Nyumbani tulimtania. Mume wangu alikuwa akisema, "Shemeji huyo anakuja, ficheni sufuria!" Naye anaingia, anaiinua sufuria kidogo, anasema, "Kilo nne unusu. Leo tutashiba."

Kila safari ilikuwa na mapipa sita ya plastiki yenye mifuniko ya kukaza, pipa moja kwa siku moja. Hata dawa za wasafiri alizikusanya akazigawa, za kila siku katika pipa lake. Mwaka mmoja boti ilipinduka, na mfuko mmoja uliobeba dawa zote za mzee fulani ukaenda na maji. Tangu hapo akaweka utaratibu huo. "Mto ukichukua pipa, umechukua siku moja," aliniambia. "Haujachukua mtu."

Sheria zake alizibandika ukutani kwa mwandiko wake mwenyewe. Boti zinaondoka saa moja kamili asubuhi, kwa kuwa maji yanayofunguliwa kwenye bwawa la juu hufika saa hiyo na hayangoji. Pipa likishafungwa kamba halifunguliwi. Uzito ukizidi, anashuka mfanyakazi, si mteja.

Mwaka huu moyo wake ulianza kumsumbua, na mwisho wa mwezi alikuwa astaafu. Aliomba kitu kimoja tu: aupite huo mto mara moja kabla hajaondoka. Bosi akakubali. Daktari naye akakubali, ilimradi asikose dawa hata siku moja. Dada akaipanga safari hiyo kama anavyopangiwa bibi harusi. Alikuwa amebakiwa na dawa za siku sita, na tarehe yake ya kliniki ilikuwa siku ile ya kurudi. Alifurahia sana hesabu hiyo. Akazigawa kwenye vifuko sita, akaviweka kwenye mapipa sita, kama alivyowafanyia wengine wote.

Nilimsindikiza. Alikuwa amevaa jaketi la kuokolea tangu tulipotoka nyumbani, watu njiani wanatushangaa. Tulisali pamoja pale ukingoni, nikamshika mikono.

Bosi akatokea na mwanamume mmoja mwenye kamera kubwa shingoni.

"Huyu nimesoma naye," akasema. "Anakwenda. Mpimeni."

Akapimwa. Kilo tisini na mbili.

"Mama Mizani, tumezidi kwa ngapi?"

Dada yangu hakujua kudanganya kuhusu uzito. "Themanini na moja."

"Na wewe una ngapi?"

Akaushika mkanda wa jaketi lake. Kijana wa makasia waliyemwita Kidevu akajibu kutoka botini. "Themanini na nne! Jana kajipima mara mbili akidhani simwoni!"

Watu wakacheka, na wageni wakacheka kwa kuwa wenyeji wamecheka.

"Basi hesabu imejijibu," bosi akasema. "Ukutani pameandikwaje?"

"Bosi, uliniahidi."

"Nilikuahidi mto. Si huo hapo? Umehama?"

Alilivua jaketi mwenyewe. Lilimbana yule mgeni, na dada yangu ndiye aliyemlegezea mikanda, mmoja baada ya mwingine, akamwuliza kama anapumua vizuri. Kisha akasimama ghafla.

"Dawa zangu."

"Ziko pipa gani?" bosi akauliza.

"Yote."

Kidevu alishika tumbo kwa kicheko. "Mama kajikata vipande sita!"

Bosi akatazama saa yake. "Saa moja kasoro dakika nne. Kufumua wavu wa mizigo, kufungua mapipa sita, kufunga tena. Maji yangoje vidonge? Sheria ni yako, Mama, si yangu." Akanigeukia. "Wewe si mdogo wake? Kwenu hakuna duka la dawa?"

Niliona aibu, maana watu wote walikuwa wanatutazama. Nikasema, "Lipo. Tutanunua. Twende, dada, usiwacheleweshe watu."

Maneno hayo niliyasema mimi.

Boti zikaondoka. Dada alizitazama zinavyokaa majini mpaka zikapinda kushoto. "Zimekaa sawa," akasema.

Duka la dawa lilikuwa na aina moja kati ya tatu alizokuwa akimeza. Kliniki, mhudumu aliangalia kadi. "Hapa inaonyesha una dawa za siku sita. Umezipeleka wapi?"

"Ziko mtoni."

Yule mhudumu akamwita mwenzake. "Hebu njoo usikie hii. Mama, mwambie na huyu." Dada akarudia, kwa adabu, kama mwanafunzi. Wakacheka wote wawili, wakamwambia aje tarehe yake.

Siku zile alikaa kwenye meza yangu ya jikoni akisafiri kichwani. "Saa hizi wamefika kwenye mchanga mweupe. Kivuli kinaanza saa tisa." Siku ya nne alisema, "Sasa wanafungua pipa la nne," akaweka mkono kifuani. Siku ya tano asubuhi alianguka akikunja shuka. Alifariki kabla gari halijapatikana.

Siku ya sita tulimzika, na jioni ile boti zilitoka korongoni.

Bosi alikuja msibani siku iliyofuata. Alikaa kidogo, akauliza ufunguo wa stoo uko wapi, maana kulikuwa na safari nyingine Jumatatu. Kisha akatoa mfuko wa plastiki mfukoni.

"Nimeona nivilete mwenyewe," akasema. "Kazi yake ilikuwa safi sana. Boti moja ilipinduka mara mbili, lakini hakuna hata kidonge kilicholowa."

Vifuko sita. Nimeviweka ndani ya kitabu changu cha sala. Kila kimoja ameandika siku na saa ya kumeza. Cha sita kina maneno zaidi: "Ukishameza, mshukuru Mungu. Umefika."

Nasali kila siku. Bosi nimeshamwombea msamaha, Kidevu pia, na wale wawili wa kliniki. Nikifika kwangu mimi, kwenye kifuko cha sita, nakifunga kitabu.