Jicho la Jogoo

Shule sikuimaliza, lakini macho ninayo, tena ya kugawa. Kabla ya mtaa wetu mzima wa Biryogo, mwaka ule wa tisini na mbili, mimi ndiye niliyeona anachofanya fundi viatu wetu. Kila jioni alichomeka takataka kwenye ukuta uliokuwa ukibomoka mbele ya kibanda chake: soli za kandambili, vifuniko vya soda, vigae vya sahani. Vidole vyake, vyeusi kwa gundi, vilibonyeza polepole, kisha anarudi nyuma hatua chache, anaguna. Watu walidhani anaziba nyufa. Mimi niliona jogoo anaumbika ukutani, na ile kutu iliyochuruzika kutoka kwenye mabati ya paa ndiyo mkia wake.

Siku ya Idi mimi na fundi tulirudi pamoja kutoka msikitini. Njiani akainama na kanzu yake mpya, akaokota kigae cha buluu. "Hata leo, mzee? Jalala nalo lipumzike!" nikamchokoza. "Hili jicho, bwana," akasema. "Jogoo wangu amekaa kipofu siku nyingi."

Tulipofika kibandani, ukuta ulikuwa mweupe, laini kama yai, ungali umelowa. Cassien, mwenye nyumba, Mkatoliki mwenye moyo safi, alitupokea na ndoo ya chokaa, anacheka. "Idi njema, fundi! Utaziba peke yako mpaka lini? Nimekupigia lipu ukuta wote, zawadi!"

Fundi alimpa Cassien mkono, akamwombea heri, akausifu ukuta. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, unakigeuza kile kigae, unakigeuza tu.