Kalunguyeye wa Shangazi Mwende

Mgomba ulikatwa kwa kimo cha shangazi yangu Mwende. Baba mkubwa Mutua aliupima kwa gauni lake la kanisani, akaukata kwa panga juu na chini, na wanaume wawili wakaubeba kutoka bondeni hadi nyuma ya jiko letu, wakaulaza kivulini na kuufunika kwa shuka. Ulikuwa uzikwe Jumamosi badala yake. Mgomba uliokatwa una harufu ambayo mtu haisahau: harufu ya maji yaliyolala mtungini, yenye ukali kidogo kama wa chuma, na utomvu wake huacha kwenye nguo doa jeusi lisilotoka kwa sabuni yoyote. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikitazama maji yakijipenyeza kwenye shuka kidogokidogo, mahali ambapo mtu angekuwa na magoti, nikijizuia nisiende kuifunua.

Mwende alikuwa kitinda mimba wa Susu. Susu ni bibi kwa Kikamba, na huyu mama mzaa baba hatukumjua kwa jina jingine. Alizaa watoto wanne: Baba mkubwa Mutua, baba yangu, shangazi Ndunge aliyeolewa Kithyoko, na Mwende, ambaye alifanya kazi katika kiwanda cha nguo huko EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Alishona mifuko ya suruali, mifuko tu, kutwa nzima. Suruali yenyewe hakuwahi kuiona imekamilika. Kila mwisho wa mwezi alirudi kwetu juu, katika vilima vya Kangundo, nywele zikinuka vumbi la viwanda vya simenti vya huko, na mara moja alikuja na miche sita ndani ya pakiti za maziwa, aliyoinunua kwa muuza maua wa kando ya barabara. Aliomba apewe sehemu yenye jua kuliko zote, yaani tuta la juu mbele ya nyumba, ambalo halikupata kivuli cha mti wala cha paa. Susu alikuwa akipanda maharagwe pale. Mwende alichanganya udongo na mchanga wa mtoni na samadi iliyokauka, akaliinua tuta ili maji yasituame, akapanda.

Mwaka wa kwanza halikutoka ua hata moja. Yalitoka majani tu, yenye kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe.

"Mwende," Baba mkubwa alimwita akipita njiani, jembe begani, "hiyo mboga yako ya Athi River inaiva lini? Tuweke kwa sufuria ya muthokoi?"

"Hiyo ni ya kula na macho, kaka."

"Macho yangu imeshiba. Ni tumbo iko na shida."

Mwaka wa pili yalichanua. Petali zake zilikuwa za zambarau iliyofifia, zikiinama chini kama masikio ya mbuzi, na katikati paliinuka kichwa cha kahawia chenye miiba iliyong'aa kama kaa la moto. Nilikigusa nikasema, "Kalunguyeye!" kwa kuwa ndivyo mgongo wa mnyama yule wa miiba unavyohisika kiganjani. Muuzaji alikuwa amempa Mwende jina la kigeni ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, basi jina langu likabaki. Siku moja alichimbua kipande cha mzizi, akakifuta kwa leso, akatugawia mimi na Susu tutafune. Ulimi wangu ulikufa ganzi nikashindwa kutamka hata jina langu, Kanini. Susu alitema, akalaani kwa Kikamba, kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Mzizi ukiwa hai unauma ulimi," Mwende alituambia. "Ukikufa ni kama kutafuna kuni. Ikikauka huku juu msing'oe. Inalala tu, halafu inarudi." Tulikuwa watatu tu pale.

Aliondoka Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, akiwa na mfuko wa maparachichi kichwani, akashuka njia ya kuelekea barabarani. Hatukuwa na wasiwasi wowote. Baada ya wiki moja msichana mmoja aliyeshona naye alipanda mlima wetu, akasimama uani akihema, akauliza kwa nini Mwende hajarudi kazini. Hivyo ndivyo tulivyojua. Baba na Baba mkubwa walikwenda Athi River wakafunguliwa chumba chake: kitanda kimetandikwa, kikombe kimefunikwa juu ya beseni, sare ya kazi imetundikwa kwenye msumari. Walikwenda vituo vya polisi, kisha hospitali, kisha mahali ambapo watu hutafutwa baada ya hospitali. Siku za mahali hapo baba alinawa langoni kabla ya kuingia, na mama hakumuuliza. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ilikuwa kinyume. Lake lilikuwepo kila mahali: kiatu chake chini ya kitanda, sahani yake mezani kila Jumapili, na sauti ya Susu katika sala za jioni. Wengine walipoanza kusema, "Umlaze pema," yeye alipaza sauti juu yao akisema, "Umlinde huko aliko."

Mwaka ulizunguka, na ukame ukaja. Kalunguyeye walikauka wakawa vijiti vyeusi, mbuzi wakavimaliza, na tuta likawa vumbi ambamo kuku walioga. Ndipo Baba mkubwa alipoanza kusikia akiitwa. Alimweleza baba nami nikisikia: jioni akitoka shambani, mtu humwita "kaka" nyuma yake, na akigeuka njia ni tupu. Mtu yule aliyezoea kutania kila mpita njia akawa anatembea ameinamisha kichwa. Alikuwa ameona kwingine mgomba ukizikwa kwa ajili ya mtu asiyepatikana, na wenye msiba wakapata usingizi. Akawaita wazee wa ukoo.

Siku moja kabla wazee hawajafika, jua likiwa la utosi, nilimwona Susu amechuchumaa kwenye tuta. Alikwaruza udongo kwa kisu, akafuta kitu kwa leso, akakitia mdomoni. Alikaa hivyo kwa muda, kiganja kikiwa kimeufunika mdomo. Nilipomsalimu, alijibu kwa maneno mazito, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Kesho yake Baba mkubwa alizungumza vizuri, kwa upole. "Mama, mtoto hajazikwa hana pa kukaa. Anatembea tu. Wacha tumpatie mahali."

Susu aliwatazama wazee, akanyoosha mkono kuelekea lile tuta lenye vumbi. "Hapo Mwende alipanda maua," alisema kwa Kikamba. "Mvua ikinyesha, kama hayakuota, zikeni mgomba wenu. Yakiota, mtoto wangu haingii shimoni."

Wazee walitazamana, na mmoja wao alificha tabasamu. Walikuwa wakulima wa mahindi, maharagwe na kunde, na walijua kisichopandwa hakioti. Walikubali haraka, kama watu wanaomkubalia mgonjwa.

Mvua ilinyesha. Vilima vikanuka udongo uliolowa, magugu yakajaa kwenye matuta yote, lakini lile la juu likabaki tupu. Kila asubuhi nilimkuta Susu pale kabla ya chai, na kila asubuhi alirudi ndani polepole kuliko jana. Alhamisi Baba mkubwa alishuka bondeni na panga. Ijumaa shimo lilichimbwa kando ya kaburi la babu. Usiku huo nilimsikia Susu akisali kwa sauti ya chini, bila maneno ninayoweza kuyarudia.

Jumamosi, wazee walipokuwa wakifika na viti vikipangwa, mama alipiga kelele kutoka mbele ya nyumba. Vilikuwa vimetokeza: vichomozo vyekundu vinavyoelekea weusi, vidogo kama ncha za kucha, vikifuata mstari uleule alioupanda Mwende. Baba mkubwa alipiga magoti. Alichimba kwa kidole pembeni mwa kimoja, polepole, atazame kama kuna mtu aliyekipandikiza, akakuta mzizi mnene ukizama chini asione mwisho wake. Akavua kofia, akakaa kwenye matope. Wazee walikunywa chai wakaondoka. Shimo lilifukiwa tupu. Mgomba, kwa kuwa malisho yalikuwa bado haba, walikatiwa ng'ombe, na mimi sikunywa maziwa hadi Krismasi.

Husemwa kwamba subira huvuta heri. Nyumbani kwetu subira ilivuta subira. Kila mvua maua yalirudi, na kila yaliporudi Mwende alikatazwa kufa tena. Sahani yake iliwekwa. Mlango wa mbele haukutiwa komeo. Baba hakuwahi kumlilia dada yake, kwa sababu kulia kungekuwa kumsaliti mama yake. Baba mkubwa aliacha kupita njia ile ya jioni, akawa anazunguka kupitia shamba la kahawa. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Susu kuhusu ule mchana wa kisu na leso. Alikuwa haoni vizuri tena, akipukuchua mahindi kwa vidole. "Mzizi nilijua," aliniambia. "Mtoto sikujua."

Sasa ninaishi Syokimau. Maua yale yameshapata jina linalotamkika, ekinasia. Yanauzwa kando ya barabara ya Mombasa, na wenzangu ofisini hunywa chai yake wakipata mafua. Akipotea mtu, picha yake huzunguka kwenye simu zetu kabla jua halijatua, jambo ambalo baba, aliyetembea Athi River nzima na picha moja ya kipaimara mfukoni, hakuweza hata kuliota. Huwa nazifuatilia picha hizo. Nyingine hufuatwa na habari njema, nyingine na rambirambi, na nyingine hukoma tu kuzunguka.

Susu alifariki mwaka huu. Tulipokuwa tukiandaa wasifu wake wa mazishi, binamu yangu aliyekuwa akiuchapa aliuliza kama aandike "marehemu" mbele ya jina la Mwende. Baba mkubwa, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, alisema, "Andika Mwende. Usiongeze kitu." Ikaandikwa hivyo. Siku ya mazishi shughuli iliendeshwa na kijana aliyekodiwa pamoja na mahema na vipaza sauti, mgeni kwetu, mchangamfu na mwenye heshima. Alisoma majina manne, akawaomba watoto wa mama wasimame mbele wawasalimie waombolezaji. Baba mkubwa Mutua akasimama. Baba akasimama. Shangazi Ndunge akasimama. Kijana akatazama karatasi, akawatazama.

"Naona watatu," alisema. "Na Mwende ako wapi?"

Akagonga kipaza sauti kwa kidole, akidhani hakijasikika, akauliza tena.