Mafuta ya Nazi Kinywani

Tui la nazi likikaa motoni sana hufika mahali likabadilika harufu. Mwanzo hunukia wali, kisha mkate, halafu, mafuta yanapojitenga na mashapo yakaanza kuwa ya kahawia, hutoka harufu tamu na nzito inayoingia hadi katika nguo zilizoanikwa. Hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu ya Bombolulu, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili yenye ua nyuma: baba, mama, mimi, na mama mzaa baba, ambaye kwa Kigiriama chetu tulimwita Hawe. Kila Ijumaa alasiri Hawe alikalia mbuzi yake ya kukunia nazi, akakuna nazi tano, akakamua tui na kulipika polepole kwa moto wa vifuu, huku akinifukuza nisichovye kidole. Mafuta yakipoa aliyamimina katika chupa mbili za soda na kuziziba kwa magunzi. Chupa moja ilikuwa ya nywele na ngozi. Ya pili ilikuwa ya kinywa, na ole wake atakayezichanganya.

Kusukutua mafuta hakukuwa desturi ya ukoo wetu, na Hawe mwenyewe hakudai hivyo. Alijifunza uzeeni, ufizi ulipoanza kumtoka damu, kwa mama mmoja wa Kihindi ambaye Hawe alikuwa akimfulia nguo mjini. Mama huyo alisukutua mafuta ya ufuta kila asubuhi, na meno yake, alivyosimulia Hawe, yalikuwa kamili ilhali ana vitukuu. Hawe akaona ufuta ni ghali na nazi anazo, akabadilisha. Kabla ya chai, kabla hata ya maji, ni kijiko kimoja kinywani. Unayapitisha mafuta katikati ya meno, unayavuta kutoka shavu hili hadi lile, bila haraka na bila kumeza, mpaka yageuke meupe na mepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Saa yetu pale uani ilikuwa redio ya jirani. Tulianza taarifa ya habari ya saa moja ilipoanza, na hatukutema mpaka iishe. Sijui kama mafuta yale yaliponya chochote; daktari wa meno niliyemwuliza ukubwani alicheka tu, akaniambia nipige mswaki. Ninachojua ni kwamba ufizi wa Hawe uliacha kutoka damu, na kwamba mimi sikuwahi kufika mwisho wa taarifa hata siku moja. Mashavu yaliniuma, kicheko kilinishika, nikakimbia kutema. Hawe naye, akishatema yake, alinitania siku nzima kwamba mdomo usioweza kushika mafuta hautashika siri ya mtu.

Masharti yake yalikuwa mawili. Mwenye mafuta kinywani hasemi, hata nyumba ishike moto. Na hatemi mbele ya watu. Huenda nyuma ya bafu, penye mgomba, akatema huko akafukia kwa mchanga. Majirani wote walijua. Aliyepita asubuhi akamkuta Hawe amevimba mashavu alicheka akapita, akarudi baadaye kuamkia. Mtu wa kwetu unaweza kumnyima chakula akakusamehe, lakini salamu usipomwitikia atakwenda na kinyongo kaburini.

Hawe alikuwa amebakiwa na watoto wawili hai, baba yangu Charo na binti yake wa mwisho, Kadzo. Miaka mitano kabla ya hayo Kadzo aliolewa na mwanamume wa bara, dereva wa lori, bila mahari kuzungumzwa wala wazee kuketi. Hawe alimwambia, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani, asikanyage ua wake mpaka akumbuke kuwa ana mama. Kadzo akaenda kuishi Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Si mbali. Mtu huenda na kurudi akawahi kupika chakula cha mchana. Hata hivyo miaka mitano ilipita, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Hasira hasara, na hasara yenyewe niliiona kwa macho yangu, maana jina la Kadzo likitajwa Hawe alinyanyuka akatafuta kazi ya kufanya. Alikuwa akinisuka ananiambia nina kisogo cha shangazi yangu, kisha vidole vinasimama. Mwaka ule alianza kumwambia baba kwamba Kadzo akija hata leo atampokea. Baba akamwuliza mbona asimwendee. Akajibu kuwa mama hamfuati mwana, akabadilisha mazungumzo.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo baba alikuwa zamu bandarini na mama amekwenda sokoni Kongowea. Hawe na mimi tulikuwa uani, kila mtu na mafuta yake kinywani, yeye juu ya kigoda amefumba macho, mimi juu ya ndoo niliyoipindua. Siku hiyo nilikuwa nimeapa. Taarifa ilikuwa imefika kwenye michezo, ambayo husomwa mwisho, nami sijatema. Nikasikia hodi mlangoni pa ua. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Mgeni akibisha mara tatu asijibiwe huondoka, ndiyo adabu, lakini huyu alisukuma mlango akaingia. Sikumkumbuka, ila sura ilikuwa ya baba yangu mtupu, kwenye kichwa cha mwanamke. "Shikamoo, mama," alisema. Hawe akafumbua macho, na papo hapo yakajaa machozi. Alitakiwa kusema marahaba, neno moja tu, na kinywa kimejaa. Kutema pale hakuweza; kutema mate mbele ya mtu aliyekuamkia ni tusi, na huyu alikuwa mwana aliyemngojea miaka mitano. Kumeza alikuwa ameambiwa na mama wa Kihindi kuwa ni kujilisha uchafu, naye aliogopa kama sumu. Akafanya alivyofanya kila siku. Akanyanyuka, akageuka, akaenda haraka kadiri magoti yalivyomruhusu, nyuma ya bafu. Kadzo alichokiona ni mama aliyeamkiwa akasimama bila kuitika, akampa mgongo.

Yeye alipoondoka nyumbani mafuta ya kinywa hayakuwapo. Katika ua mzima ni mimi peke yangu niliyeweza kumweleza, naye akanigeukia. "Wewe ndiwe wa Charo? Mbona mama aenda zake? Bado yuwanichukia?" Nilimtazama mashavu yamenitutumka. Ningeweza kumeza. Ningeweza kukimbia pembeni nikatema nikarudi. Ningeweza hata kujigusa shavu kwa kidole. Nilibana midomo, kwa sababu redio ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira na nilikuwa karibu kushinda. "Hata mtoto kafunzwa asinijibu," alisema, na hakuwa akisema nami. "Akufukuzaye hakwambii toka." Akaweka mfuko chini, ndani yake sukari, majani ya chai na mche wa sabuni. Alipofika mlangoni akasimama, akaongea bila kugeuka: nimwambie mama amekuja kumwomba radhi, atamngoja pale kituo cha matatu mpaka saa tatu, akitaka aje. Akatoka. Taarifa ya habari ikaisha. Nilitema mafuta meupe kabisa, na nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Hawe alirudi akijifuta kwa pindo la leso, ameshaanza kusema karibu mwanangu, karibu, kabla hajatokeza kwenye kona ya bafu. Akaona mfuko. "Yuwapi?" Nikamwambia ameondoka. "Kasema nini?" Hapo ndipo hasa ilipo dhambi yangu, maana ya kwanza ilikuwa utoto. Niliona uso ambao sikuwahi kuuona kwa nyanya yangu. Nikaelewa kuwa nikisema shangazi aliongea nami, nitaulizwa mbona sikumjibu, mbona sikumzuia. Nikajibu, "Hakusema kitu, Hawe." Alitoka hadi barabarani bila viatu, akatazama huku na huku, lakini kituo kiko baada ya kona na kutoka kwetu hakionekani. Aliporudi aliketi akauweka mfuko mapajani. "Basi hakuja kukaa," alisema. Mimi niliosha vyombo ambavyo sikutumwa kuosha, nikawa naingia ndani kutazama saa ya ukutani. Saa tatu ilipopita nilishusha pumzi, nikadhani jambo limekwisha.

Hawe hakusukutua mafuta tena. Alihamisha kigoda chake kutoka uani hadi barazani, kila asubuhi akikaa akikabili barabara na kinywa kitupu, tayari kuitikia. Ufizi ukarudi kutoka damu, nikawa naiona kwenye maji anayosukutulia. Mara nyingi nilimkaribia nikitaka kusema, nikashindwa. Kila siku iliyopita iliufanya uongo wangu kuwa mzito zaidi kuubeba na mgumu zaidi kuutua. Baba alivuka kwenda Shika Adabu kumtafuta dada yake, akaambiwa mume amehamia bara naye. Baada ya miaka miwili Hawe alifariki. Kadzo alisikia tangazo redioni, akafika tumeshazika. Kwenye matanga wanawake walimweleza jinsi mama yake alivyomngojea barazani, naye akawajibu kwa utulivu kuwa mama huyo hakumwitikia hata shikamoo. Nilikuwa nikimimina chai, umbali wa mkono. Nikaendelea kumimina. Majuto ni mjukuu, husema watu, nami nilikuwa mjukuu mwenyewe.

Sasa mafuta ya kinywa yanauzwa Nyali katika vichupa vidogo vyenye picha ya nazi, na kwa bei ya kichupa kimoja Hawe angenunua nazi za mwezi. Binti yangu amejifunza kwenye simu, wala hakujua kuwa kwetu kulikuwa na mtu aliyefanya hivyo. Mwezi uliopita nilimkuta jikoni amevimba mashavu, rafiki yake anamwita nje. Akachukua simu, akaandika kwa kidole gumba: subiri, nina mafuta mdomoni. Rafiki akacheka huko nje, akasubiri. Haikuchukua hata nusu dakika. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia, na mtoto akadhani nimepokea habari ya msiba.

Kesho yake nilivuka Likoni. Shangazi Kadzo amerudi kuishi Shika Adabu tangu mumewe afe, ana mvi, anatembelea fimbo. Nilimkuta akichagua mchele, nikamweleza yote, mafuta, mgomba wa nyuma ya bafu, redio, na jibu nililompa mama yake. Hakuacha kuchagua mchele mpaka nilipomaliza. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Akalisukuma sinia pembeni.

"Nilingoja mpaka saa saba," alisema. "Kila mwanamke akitokea kwenye kona, nasimama. Nikajiambia, labda mama yuwabadilisha nguo."